Nimeshindwa Mahakama Kuu Iringa: je, Mahakama ya Rufani itanisikiliza upya?

"Shikamoo wakili. Mimi ni mkazi wa Mufindi, msimamizi wa mirathi ya marehemu baba yangu. Ametuachia shamba la miti, ekari kumi na mbili za misindano iliyofikia kuvunwa. Jirani anadai baba alimuuzia kabla hajafariki, na ana karatasi ya mauziano. Nilifungua kesi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya nikashinda. Akakata rufaa Mahakama Kuu Iringa, na wiki mbili zilizopita jaji amempa yeye ushindi. Nataka kwenda Mahakama ya Rufani lakini kila mtu ana lake. Mmoja anasema lazima nisafiri hadi Dodoma. Mwingine anasema kule kesi inaanza upya, na mimi sasa nimempata mzee aliyekuwepo baba alipopanda ile miti, ambaye hatukumwita mwanzo. Mwingine anasema nikishakata rufaa tu, yule bwana hawezi kugusa mti. Shemeji yangu anasema nisihangaike na majaji, niende kwa mkuu wa mkoa, na ikishindikana ipo Mahakama ya Juu. Naomba unieleze: hiyo Mahakama ya Rufani ni nini hasa, wanakaa akina nani, na mimi nina nafasi gani?"

Marahaba dada, na kamwene. Pole kwa msiba wa baba, na pole kwa hukumu.

Kabla sijaeleza lolote kuhusu mahakama yenyewe, kuna jambo lisiloweza kusubiri. Una siku 30 tangu hukumu iliposomwa za kuwasilisha taarifa ya kusudio la kukata rufaa, na karibu nusu yake zimeshakwenda. Taarifa hiyo ni karatasi fupi inayosema unapinga hukumu ipi, yote au sehemu yake, na nani apewe nakala. Huandiki sababu zako humo, na huhitaji kusubiri hukumu ichapwe. Unaipeleka kwa Msajili wa Mahakama Kuu hapohapo Iringa, kisha ndani ya siku 14 nakala imfikie mpinzani wako. Siku hiyohiyo andika barua kwa Msajili kuomba mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yote yaliyosemwa kwenye kesi, pamoja na hukumu na dikrii, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu. Nakala ya barua hiyo nayo impate mpinzani, aisaini kwamba ameipokea. Kama hujafanya hivyo, usiendelee kusoma. Nenda kafanye, haya mengine yatakusubiri.

Nasisitiza hivyo kwa sababu ya namna mahakama hii ilivyo. Watu wengi wanaifikiria kuwa ni mahali pa kwenda kulia kwa wakubwa zaidi, ambapo hatimaye mtu atakusikiliza kwa moyo na kuona kwamba umeonewa. Majaji wa Rufani wanasikiliza, na wanasikiliza kwa makini sana, lakini wanachosikiliza ni kilichokwisha kuandikwa. Mashahidi hawaoni. Kizimba cha ushahidi hakitumiki. Wanasoma kumbukumbu za Baraza na za Mahakama Kuu, wanasoma sababu zako, wanauliza maswali, wanaamua kama sheria ilifuatwa. Kwa hiyo unachofanya sasa na makaratasi yako kina uzito kuliko utakachosema siku ya kusikilizwa.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianza mwaka 1979. Kabla ya hapo tulikuwa na mahakama moja ya rufaa ya Afrika Mashariki, sisi na Kenya na Uganda. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabidi ijijengee ya kwake. Ipo kwa mujibu wa Katiba, Ibara ya 117, na kazi yake ni kusikiliza rufaa zinazotoka Mahakama Kuu na kwa mahakimu waliopewa mamlaka ya ziada. Ni mahakama ya Muungano, kwa hiyo inapokea pia rufaa za Mahakama Kuu ya Zanzibar, isipokuwa mambo machache kama tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na yale yanayotoka mahakama za Kadhi.

Anayeiongoza ni Jaji Mkuu, ambaye pia ndiye mkuu wa mhimili mzima wa Mahakama. Wa sasa ni George Masaju, aliyeteuliwa mwaka 2025 baada ya Profesa Ibrahim Juma. Usimchanganye na Jaji Kiongozi, huyo ni mkuu wa Mahakama Kuu. Chini ya Jaji Mkuu kuna Majaji wa Rufani, wanaoteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Wengi wamepitia Mahakama Kuu. Jaji wa Rufani anastaafu akifika miaka 65, wakati mwenzake wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na miaka 60.

Rufaa yako haitaamuliwa na mtu mmoja. Katiba inataka majaji wasiopungua watatu wakae pamoja, na uamuzi unafuata wengi wao. Asiyekubaliana na wenzake anaruhusiwa kuandika maoni yake tofauti, lakini yanayofuatwa ni ya wengi. Yakiwapo maswali mazito sana, au pale Mahakama inapofikiria kubadili msimamo wake yenyewe, jopo linaweza kuwa la majaji watano au saba. Utakumbuka kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi: mwaka 2010 ilisikilizwa na majaji saba, wakatengua uamuzi wa Mahakama Kuu. Maombi madogomadogo ndiyo yanayoweza kuamuliwa na jaji mmoja peke yake, kwa mfano ombi la kuongezewa muda, na asiyeridhika naye anaweza kuomba jopo la watatu liliangalie.

Watu wa vijijini huniuliza pia swali ambalo hukuliuliza, nalo ni hili: itakuwaje yule jaji wa Iringa akipandishwa cheo, nimkute tena kule juu? Hatakaa kwenye kesi yako. Jaji hasikilizi rufaa dhidi ya hukumu aliyoiandika mwenyewe, na ukiona jina lake kwenye jopo una haki ya kusema.

Kuhusu safari ya Dodoma, ondoa wasiwasi. Makao makuu ya Mahakama yako huko sasa, lakini Mahakama ya Rufani inatembea. Majaji wanapanga vikao katika vituo mbalimbali nchini, na Iringa na Mbeya ni miongoni mwake. Rufaa iliyotoka Mahakama Kuu Iringa kwa kawaida inasikilizwa Iringa, kwa hiyo safari yako ni ya kutoka Mafinga, kama kilomita 80. Kinachokera ni kusubiri. Kwa kuwa wanakuja kwa vikao, rufaa yako itapangwa pale kikao kitakapofika na zamu yako itakapofika, na kabla ya hapo hakikisha Msajili ana anwani na simu yako sahihi ili taarifa ya tarehe ikufikie. Usipofika siku hiyo, rufaa inaweza kutupwa kwa sababu hiyo tu.

Sasa tuje kwa yule mzee. Najua hapa nitakuvunja moyo. Kwako wewe hii ni rufaa ya pili: ya kwanza ilikuwa ile ya jirani yako Mahakama Kuu. Kanuni za Mahakama ya Rufani zinairuhusu kupokea ushahidi wa nyongeza pale inapopitia kesi ambayo Mahakama Kuu ndiyo iliyoisikiliza tangu mwanzo, na hata hapo ni kwa nadra. Kesi yako ilianzia Baraza la Wilaya. Mzee huyo, hata kama anakumbuka kila mche na mwaka uliopandwa, hatapanda kizimbani Mahakama ya Rufani. Mahali pake palikuwa Baraza. Ukisikia mtu anakuambia "mlete tu, majaji watamwonea huruma", huyo hajui anachokisema, na akikudai pesa kwa ushauri huo, mkimbie.

Hata hivyo kuna jambo moja linakusaidia ambalo sidhani umeambiwa. Mahakama ya Rufani huwa nzito sana kugusa mambo ya ukweli, yaani nani alipanda, nani alilipa, nani alikuwepo, pale vyombo viwili vya chini vinapokuwa vimekubaliana. Kwako havikukubaliana. Baraza lilikuamini wewe, Mahakama Kuu ikamwamini yeye. Hilo linaacha mlango wazi wa kuhoji: je, Mahakama Kuu ilipoupima ushahidi upya, iliupima wote, au ilichukua kipande kimoja na kuacha kingine? Je, ilielewa visivyo maneno ya shahidi? Hizo ni hoja ambazo majaji watatu wanazipokea, mradi uwaonyeshe ukurasa.

Tofauti kati ya sababu nzuri na mbaya ya rufaa iko hapo. "Jaji alikosea kwa kuwa shamba ni la baba" ni malalamiko, hayana pa kushika. "Jaji alikosea kutegemea karatasi ya mauziano ambayo Baraza halikuipokea rasmi kuwa kielelezo" ni sababu ya kisheria, na inaweza kuthibitishwa kwa kufungua mwenendo wa shauri na kuangalia kama kweli ilipokelewa. Chukua pia swali la ridhaa ya kijiji. Kama shamba lenu liko kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka uhamishaji wake upitie halmashauri ya kijiji. Ile karatasi ina mhuri na ridhaa ya kijiji? Na je, swali hilo liliulizwa Baraza au Mahakama Kuu? Hili la pili ni la msingi, maana Mahakama ya Rufani haipendi hoja mpya ambazo jaji wa chini hakupewa nafasi ya kuzijibu, isipokuwa zile za sheria tupu au za mamlaka ya mahakama kusikiliza kesi. Hapo ndipo wakili mzuri anapotofautiana na mwandishi wa barua za stendi.

Umeniambia wewe ni msimamizi wa mirathi, na hilo nalishukuru. Kesi nyingi za mashamba ya urithi zinafutwa kabisa huku juu kwa sababu aliyefungua alikuwa mtoto wa marehemu tu, bila kuteuliwa na mahakama. Hakikisha hati yako ya usimamizi ilitoka kabla ya kesi kufunguliwa na kwamba ipo kwenye kumbukumbu.

Kuna hoja nyingine nataka nikutahadharishe nayo, kwa sababu utaisikia kwa mtu yeyote mwenye uzoefu na mabaraza ya ardhi: wazee wa baraza. Mwenyekiti wa Baraza anapokaa nao kusikiliza kesi, maoni yao yanatakiwa yatolewe kwa maandishi na kusomwa mbele ya wadaawa, yaani pande zote mbili za kesi, kabla ya hukumu. Mahakama ya Rufani imefuta mienendo ya kesi nyingi kwa kosa hilo, na baadhi ya maamuzi yanayotajwa sana kuhusu jambo hili yalitolewa ikiwa imekaa Mbeya, huku kwetu. Kwa hiyo wakili akikuta kwenye mwenendo kwamba maoni ya wazee hayakusomwa, macho yatamng'aa. Lakini fikiri vizuri, dada. Kosa hilo linaua kila kitu kilichofuata. Hukumu ya Mahakama Kuu iliyokuumiza itafutwa, sawa, na ushindi wako wa Baraza nao utafutwa. Mtarudi mwanzo, mbele ya Baraza, na mashahidi waliozeeka zaidi. Kwa upande mmoja ni hasara. Kwa upande mwingine, ndiyo njia pekee ambayo yule mzee angeweza kusikilizwa. Sikwambii uichague au uiache. Nakuomba usimruhusu mtu akuchagulie bila kukueleza pande zote mbili. Na ujue pia kwamba majaji wakiliona kosa hilo wenyewe wanaweza kulihoji hata kama hakuna aliyelitaja.

Nimekuta watu wanaoamini kwamba makosa ya makaratasi siku hizi hayana madhara, kwa kuwa Katiba inakataza mahakama kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na kwa kuwa mwaka 2018 sheria iliongezwa kifungu kinachozitaka mahakama kutazama haki ya msingi kwanza. Ni kweli Mahakama imelegea katika mambo mengi. Ukisahau waraka mmoja kwenye kitabu cha kumbukumbu za rufani, mara nyingi unapewa nafasi ya kuuongeza. Kwenye muda haijalegea. Taarifa ya rufaa iliyopelekwa siku ya 31 bila kibali inaondoshwa, na kuomba kuongezewa muda kunataka ueleze kila siku ya kuchelewa ilikwenda wapi, moja baada ya nyingine. "Nilikuwa naumwa" bila cheti cha hospitali haitoshi. "Nilikuwa natafuta hela ya wakili" mara nyingi haitoshi pia, ingawa ndiyo ukweli wa wengi wetu.

Baada ya taarifa ya kusudio, rufaa yenyewe, yaani hati ya sababu za rufaa pamoja na kitabu cha kumbukumbu zote, inatakiwa iwasilishwe ndani ya siku 60. Utauliza, nitafanyaje kama Mahakama Kuu haijanipa mwenendo wa shauri? Ndiyo maana ya ile barua niliyokuhimiza. Ukiwa umeiandika ndani ya siku 30 na kumpa mpinzani nakala, siku ambazo Msajili alizitumia kuandaa nyaraka hazihesabiwi, naye anakupa hati inayothibitisha hivyo. Usipompa mpinzani nakala ya barua, unapoteza nafuu hiyo. Msajili anatakiwa nyaraka ziwe tayari ndani ya siku 90 tangu ulipoomba. Zikipita bila kuitwa, ni juu yako kwenda kuzifuata ndani ya siku 14 zinazofuata. Ukikaa nyumbani ukisema "hawajanipigia", lawama itakurudia. Na siku unapopewa ile hati ya Msajili, simama palepale kaunta ukague tarehe: ya hukumu, ya barua yako, ya kukabidhiwa nyaraka. Tarehe moja ikikosewa, hati nzima inaweza kukataliwa na rufaa ikaonekana imechelewa. Hilo limezamisha rufaa nyingi zilizokuwa na hoja nzuri ndani yake.

Jambo jema ni kwamba huhitaji tena kibali. Zamani mtu wa rufaa ya pili ya ardhi alilazimika kwanza kurudi Mahakama Kuu kuomba ruhusa ya kukata rufaa, na safari nyingi ziliishia hapo. Sheria ilibadilishwa mwaka 2023 na sharti hilo likaondolewa. Ndugu zako ambao mashauri yao yalianzia Baraza la Kata zamani, au mahakama ya mwanzo, bado wanahitaji Mahakama Kuu ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria. Lako lilianzia Baraza la Wilaya, kwa hiyo halimo humo.

Sasa miti. Huyo aliyekuambia kwamba ukishakata rufaa mpinzani hagusi mti amekudanganya vibaya, labda bila kujua. Taarifa ya rufaa haizuii hukumu kutekelezwa. Kuanzia sasa jirani yako anaweza kuomba kukaza hukumu, dalali wa mahakama akaja na notisi, ukatolewa shambani na misindano ikaingia msumeno. Mti ukishakatwa, hata ukishinda miaka inayokuja, utakachodai ni pesa, na pesa ya kumdai mtu ni safari nyingine ndefu.

Kinga yako ni ombi la kusimamisha utekelezaji, linalopelekwa Mahakama ya Rufani. Lina muda wake: siku 14 tangu upokee notisi ya utekelezaji, au tangu ujue kwa njia nyingine kwamba mpinzani ameomba kukaza hukumu. Unaambatisha taarifa yako ya rufaa, hukumu, dikrii na hiyo notisi. Kisha unatakiwa uonyeshe mambo mawili. Kwanza, kwamba utapata hasara kubwa. Kwa shamba la miti iliyokomaa hilo linaelezeka. Pili, kwamba uko tayari kuweka dhamana ya kutimiza hukumu ukishindwa, na hili la dhamana Mahakama haliachi. Anza kufikiria sasa utaweka nini. Na tafadhali, usije ukashawishika kuwahi kuvuna wewe mwenyewe ili jirani akose. Najua wanunuzi wa magogo wanapita Mafinga kila siku na bei inavutia. Ukivuna mali ambayo kwa hukumu iliyopo ni yake, unampa kesi mpya dhidi yako, na unaharibu ombi lako la zuio kwa mikono yako.

Shemeji yako namheshimu, lakini ushauri wake utakupotezea siku ambazo huna. Mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, hata waziri, hana uwezo wa kutengua hukumu ya mahakama. Anaweza kukusikiliza siku ya kero, anaweza kuita pande zote mbili kwa mazungumzo, anaweza kukuelekeza kwenye msaada wa kisheria. Akitoa amri kinyume na hukumu, amri hiyo haina nguvu, na wewe utakuwa umeshapitwa na siku 30 ukiwa kwenye benchi la ofisi yake.

Na Mahakama ya Juu haipo kwetu. Nadhani wengi wanaipata kwenye taarifa za habari za Kenya, ambako ipo tangu Katiba yao ya 2010. Hapa ilipendekezwa katika Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014, ambayo haijawahi kupigiwa kura. Kwa hiyo Mahakama ya Rufani ndiyo mwisho. Baada yake kuna ombi la mapitio tu, mbele ya mahakama hiyohiyo, ndani ya siku 60, kwa sababu chache sana: kosa la wazi kabisa kwenye uso wa hukumu lililoleta uonevu, mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, hukumu kuwa batili, Mahakama kukosa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa udanganyifu. Kutoridhika hakumo. Ile Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha nayo si ngazi ya juu ya kesi za mashamba, na Tanzania iliondoa mwaka 2019 ile ridhaa iliyokuwa ikiruhusu mtu binafsi kuipelekea nchi yetu malalamiko moja kwa moja.

Umeniuliza nafasi yako. Sijaisoma hukumu, na anayekupa asilimia bila kuisoma anakudanganya. Ninachoweza kusema ni kwamba una kesi inayostahili kusomwa na wakili kwa utulivu: vyombo viwili vimetofautiana, ushindi wa mpinzani unaonekana kukaa juu ya karatasi moja, na wewe una hadhi ya kisheria ya kusimama. Upande wa pili, ukishindwa utalipa gharama zake, utakuwa umeishi miaka kadhaa ukiwa na shamba lisilovunwa wala kupandwa upya, na hakuna pa kwenda tena. Watu wa Mufindi mnajua msindano ukipitiliza umri unavyopoteza thamani, na moto wa kiangazi hausubiri hukumu.

Ndiyo maana nataka uweke mezani njia ambayo watu huiona kama udhaifu: kupatana. Rufaa ikiwa imeshapelekwa, bado mnaweza kukaa, mkagawana, kwa mfano yeye akachukua sehemu ya ardhi na ninyi mkavuna miti aliyoipanda baba, kisha makubaliano yakaandikwa na kupelekwa mahakamani yawe na nguvu. Fanya hivyo baada ya kuwasilisha taarifa ya rufaa, kamwe si kabla. Mpinzani anayejua siku zako 30 zimepita hana sababu ya kukupa hata mche mmoja. Na kwa kuwa wewe ni msimamizi, warithi wenzako lazima wahusishwe; shamba si lako peke yako kuligawa.

Unaruhusiwa kusimama mwenyewe mbele ya majaji, na wengi wanasimama, kwa Kiswahili, na wanasikilizwa kwa heshima. Lakini kuandaa kitabu cha kumbukumbu za rufani na kuchagua sababu ni kazi ya ufundi, na kwa mali ya thamani hii sikushauri uende peke yako. Kama uwezo wa kumlipa wakili kwa kesi nzima haupo, mlipe angalau asome hukumu, aandike taarifa na barua, na akuambie ukweli. Kama hata hiyo haipo, nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu uulize watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sheria hiyo imewekwa kwa ajili ya watu wa hali yako. Kanuni zinaruhusu pia kuomba nafuu ya ada kwa asiye na uwezo.

Jihadhari na vishoka. Wapo nje ya kila mahakama, wamevaa suti, wanakuita mama. Kabla hujatoa hata shilingi, chukua jina la huyo wakili ulitafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, au omba pale masjala wakutafutie, uone kama yupo kwenye orodha na kama leseni yake ni ya mwaka huu. Mwanao mwenye simu anaweza pia kukufungulia tovuti ya TanzLII, ambako hukumu za Mahakama ya Rufani zinasomwa bure. Mwambie atafute zile zilizotolewa Iringa na Mbeya kuhusu mauziano ya ardhi ya kijiji.

Utakapokwenda kwa wakili, beba hukumu ya Baraza, hati ya usimamizi wa mirathi, nakala ya ile karatasi ya mauziano, risiti zote za mahakama, na taarifa ya rufaa yenye mhuri wa kupokelewa kama umeshaipeleka. Hukumu ya Mahakama Kuu kama hujapewa, mpe namba ya shauri na tarehe iliposomwa. Mzee wenu naye msimwache hivihivi: mwombe wakili amwandikie kiapo cha anayoyajua angali na afya, kikae kwenye faili, maana kesi ikirudishwa Baraza kusikilizwa upya mtamhitaji.